Ziwa Lilipofungwa, Nilinenepa

Wiki ya pili ya Julai 2024 nilishuka mwaloni Kibirizi, Kigoma, ingawa hapakuwa na cha kununua. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa, uvuvi umesimamishwa, tangu Mei 15, na lingefunguliwa Agosti 15. Chanja za kuanikia dagaa zilikuwa tupu. Mitumbwi ilikuwa imepangwa mchangani, taa za kuvulia zimeshaondolewa, na vijana waliozoea kulala mchana baada ya kuvua usiku walikuwa chini ya mwembe wanacheza karata.

Mama Asha aliniona kwa mbali. Tukasalimiana kwa makofi, ile salamu yetu ya Kiha isiyotaka haraka, kisha akanishika kiuno kwa mikono miwili.

"Mama Rehema! Umenawiri! Wenzio tunakauka huku, wewe unanenepa. Maisha yamekukubali, dada."

Mwingine akadakia: "Basi na sisi utukopeshe."

Nikacheka nao. Nikashukuru, kwa sababu kwetu hilo ni neno jema, na anayekuambia umenenepa anakutakia heri.

Usiku uliotangulia nilikuwa sijapata usingizi mpaka adhana ya alfajiri.

Neno la Mama Asha nililibeba mpaka nyumbani Mwanga, nikalala nalo, nikaamka nalo. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Niliandika sentensi mbili za makala hii, nikazifuta. Leo nimeamua kuimaliza.

## Daftari la dagaa

Kwa nini ziwa lilifungwa sina haja ya kueleza. Aliyenunua dagaa miaka hii ameona walivyopungua, na mimi nakubali ziwa lilihitaji kupumzika. Tatizo langu lilianza mwezi wa nne, nilipokopa laki nane ili ninunue mzigo mkubwa kabla ya kufungwa, niuhifadhi, niuuze bei ikipanda. Nilikopa kwa wakopeshaji wa mtaani, mikopo ile ambayo sote tunaiita kausha damu.

Kwenye daftari hesabu ilikuwa nzuri. Kisha mvua za mwisho za masika zikanyesha dagaa wakiwa bado wabichi mchangani. Zaidi ya nusu waliharibika. Waliobaki niliwauza kwa bei ya chakula cha kuku.

Marejesho yalikuwa kila Jumatatu.

Mume wangu hakujua. Yeye ni fundi ujenzi, alikuwa Kasulu kwenye kazi, anarudi mwisho wa juma. Kila akirudi nilikuwa nimepika, nimevaa vizuri, nacheka. Kila Jumapili jioni akiwa anafunga begi lake, moyo wangu ulianza kwenda mbio. Ujumbe wa mkopeshaji uliingia saa tatu usiku, saa tano usiku, mara nyingine alfajiri kabla ya jogoo. Nilifikia hatua ya kuificha simu ndani ya pipa la unga nisiisikie, na bado nikawa naisikia.

Sasa, mawazo tunayajua kwetu. Mawazo hukondesha. Mfiwa hukonda, mwenye kesi hukonda, binti aliyeachwa hukonda mpaka mifupa ya shingo inahesabika na shangazi zake wanapanda basi kuja kumwona. Hata jina la mkopo wenyewe linasema damu itakauka.

Mimi nilikuwa naongezeka.

Hapo ndipo nilipoanza kujitilia shaka, na naomba msomaji anielewe, maana shaka hii iliniumiza kuliko deni. Kama kweli nateseka, mbona mwili haushuhudii? Labda sina uchungu wa kutosha. Labda ni mtu asiyejali, anayekula fedha za watu huku anawanda.

## Saa nane usiku

Asubuhi nilikuwa sina njaa. Chai ya rangi, basi. Mchana napika, watoto wanakula, mimi naonja chumvi naacha. Mtu angenitazama mchana angesema huyu mama hali.

Saa nane usiku nilikuwa jikoni nimesimama, taa imezimwa ili watoto wasiamke, nakula kiporo cha ugali wa muhogo na mchuzi wa mawese ulioganda. Nikimaliza naingia kwenye maandazi ya watoto ya asubuhi. Nikimaliza hayo nalamba sukari kijikoni.

Haikuwa njaa ya shamba, ile ya kutoka kulima ukatulia ukishashiba. Hii ilikuwa inataka kitu kitamu au chenye mafuta, na ilikuwa inataka sasa hivi. Hakuna usiku hata mmoja niliotamani mchicha au matembele. Na kwa dakika chache baada ya kula, nilitulia. Kweli nilitulia. Moyo ulipungua mbio, nikaweza kurudi kitandani.

Nikajiita mroho. Sikumwambia mtu.

Kitu kingine nilikiona nilipokuwa najifunga kitenge. Kilikuwa hakikutani tena tumboni, lakini mikono na miguu haikubadilika. Miguu nadhani ilipungua. Kupanda kilima cha kwangu na ndoo kichwani kulianza kunichosha, mimi niliyezoea kubeba gunia la dagaa.

## Swali la muuguzi

Nilikwenda kituo cha afya kwa sababu ya kichwa. Kadi yangu ya Machi ilisema kilo 67. Mzani ulisema 73. Presha 148 kwa 94. Sukari kabla ya kula 6.3, ambayo bado si kisukari, maana mpaka wa kisukari ni 7, lakini imeshatoka kwenye uwanja wa salama.

Muuguzi alikuwa mtu mzima wa makamo. Aliandika, akaweka kalamu chini, akaniangalia.

"Mama, una mawazo?"

"Ningekuwa na mawazo ningekonda, dada."

Hakucheka.

"Unalala?"

Sikumjibu. Nilihisi koo limebana, nikageuza uso nikaanza kutafuta kadi yangu kwenye mkoba, na kadi alikuwa nayo yeye mkononi.

Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Aliniambia nipunguze chumvi na nirudi baada ya wiki mbili, presha ipimwe tena. Tangu Mei, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza hali yangu badala ya kunipongeza.

## Figo mbili zenye kofia

Mtoto wa dada yangu anasomea utabibu na alikuwa likizo. Nilimsubiri amalize kula.

"Mwanangu, mtu akiwa na mawazo anaweza kunenepa?"

"Mtu gani, mama mdogo?"

"Mtu tu."

Alinitazama kidogo, hakusema neno. Akachukua daftari langu la dagaa, akageuza ukurasa wa nyuma, akachora figo mbili, na juu ya kila figo kofia ndogo. Hizo kofia ni tezi za adrenali. Kila moja ina uzito wa gramu nne au tano hivi, kama kijiko cha chai cha sukari. Humo ndimo inamotoka homoni iitwayo kotisoli.

Amri haianzii kwenye figo, inaanzia kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo hipothalamasi ikiona hatari hutuma ujumbe kwa tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo pituitari hutuma ujumbe kupitia damu mpaka kwenye zile kofia. Adrenalini hutoka kwanza, ndani ya sekunde. Kotisoli hufuata baada ya dakika, ikafikia kilele kama nusu saa baada ya kushtuka. Kazi yake ni kuhakikisha damu ina sukari ya kukimbilia: ini linaamriwa litengeneze sukari mpya, misuli inaachia protini yake iwe malighafi, na insulini inazuiwa isiiingize sukari hiyo kwenye misuli na mafuta mapema.

Nikamuuliza lile lililonikaa rohoni: mbona basi wazee wanasema mawazo hukondesha?

"Hawajakosea," akasema. "Wanasema habari ya mwanzo."

Ukikutana na nyoka njiani huwezi kuwaza ugali. Ule ujumbe wa kwanza kutoka hipothalamasi, pamoja na adrenalini, hufunga hamu ya kula. Ndiyo hali ya mfiwa siku za kwanza, na kuna watu ambao hubaki hapo kwa miezi, wanakonda kweli. Kotisoli yenyewe ina zamu ya pili. Hatari ikipita, ndiyo inayoamsha njaa ili mwili urudishe akiba uliyotumia kukimbia.

Niliposikia hilo nikakumbuka kitu nilichokuwa nimekisahau kabisa: mwezi wa tano nilipungua. Wiki mbili za kwanza baada ya dagaa kuharibika, kitenge kililegea. Ndipo jikoni kwa usiku kukaanza.

Mimi sikuwa nimekimbia popote. Mkopeshaji hakunikimbiza hata hatua moja. Nilikuwa nimekaa kitandani nimeshika simu. Sukari imemwagwa kwenye damu, misuli haina kazi nayo, kongosho linalazimika kutoa insulini zaidi, na akiba ambayo haikutumika inadaiwa irudishwe. Kesho yake tena. Jumatatu tena.

Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal nchini Kanada, aliandika kuhusu panya aliowatesa kwa njia tofauti: wengine baridi, wengine majeraha, wengine kukimbizwa kupita kiasi, wengine sumu. Mateso hayakufanana, miili ilijibu namna moja. Tezi za adrenali zilivimba, tumbo likapata vidonda. Nimewafikiria sana wale panya. Mwili haukuuliza adui ni nani, baridi au kisu. Sina shaka usingeuliza kama ni simba au Jumatatu.

## Hodi isiyosikika

Kilichonishangaza kuliko vyote ni kwamba njaa ina wajumbe wake, na majina yao ni mageni hata kwa madaktari wa umri wa mama yangu. Leptini iligunduliwa 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake, New York. Grelini iligunduliwa 1999 nchini Japani. Mama yangu alilea watoto saba kabla binadamu yeyote hajajua kwamba vitu hivi vipo.

Leptini hutolewa na mafuta ya mwili yenyewe. Mafuta yakiongezeka nayo huongezeka, ikaenda kuuambia ubongo kwamba ghala limejaa. Kotisoli ikikaa juu muda mrefu, leptini haikosekani. Mara nyingi hupanda. Ila ubongo unakuwa mzito kuisikia. Ni kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba yenye redio kubwa: yupo mlangoni, anaita, na wa ndani wanaendelea kupakua chakula.

Grelini yenyewe hutoka tumboni. Hupanda kabla ya kula, hushuka ukishakula, na mfadhaiko unaweza kuipandisha nje ya ratiba yake. Huko ndani ya hipothalamasi nako kotisoli huongeza nyuropeptidi Y, kemikali ambayo ni kati ya vichocheo vikali vya hamu ya kula vinavyojulikana.

Kwa hiyo anayesema acha anasikika kwa shida, anayesema kula ameongezewa sauti.

Halafu tumbo. Insulini ikiwa juu na kotisoli ikiwa juu kwa pamoja, mafuta huelekezwa zaidi tumboni, ndani, kuzunguka matumbo, kwa sababu mafuta ya sehemu hiyo yana vipokezi vingi vya kotisoli. Na yana kimeng'enya kinachochukua kotisoni, ambayo ni kotisoli iliyolala, na kuiamsha tena papo hapo. Tumbo linakuwa na jiko lake dogo. Wakati huohuo misuli ya mikono na miguu inaliwa taratibu, na homoni za dundumio, ile tezi ya shingoni, zinazoamua mwili uunguze chakula kwa kasi gani nazo hupunguzwa. Nikaelewa ndoo yangu na kile kilima.

Na ule utulivu wa baada ya maandazi? Mary Dallman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza mwaka 2003 kwamba chakula kitamu na chenye mafuta kinaonekana kupoza huo mfumo wa mfadhaiko wenyewe. Mwili unajifunza. Ulitulia jana kwa sukari, leo unakutuma sukari.

Nilisoma sehemu hiyo mara tatu kwenye simu, nimekaa kizingitini.

## Je, natafuta kisingizio?

Hapa nilikwama kwa siku nyingi.

Mkono uliopeleka ugali mdomoni ulikuwa wangu. Homoni haikufunua sufuria. Nina jirani mwenye shida kubwa kuliko zangu, mjane, na yeye amekonda kama fito. Je, si kweli kwamba nimepata maneno ya kitabibu ya kufunikia uroho wangu?

Na jambo jingine la haki lazima niliseme. Hakuna aliyenipima kotisoli. Kipimo chenyewe si cha kuchomwa sindano mara moja asubuhi ukaondoka na jibu, kwa sababu homoni hii hupanda na kushuka kutwa nzima. Madaktari wanaotafuta kotisoli iliyozidi hupima mate ya usiku wa manane, au mkojo wa saa 24, au hukupa kidonge usiku na kupima damu asubuhi. Mimi nina mzani, kadi, na kumbukumbu ya jikoni gizani.

Kilichonitoa kwenye mkwamo huo hakikuwa maandishi. Kilikuwa mtaani kwangu, nimekiona kwa macho, na nilikuwa nimekisahau.

## Vidonge vya binti wa jirani

Miaka michache iliyopita binti mmoja wa mtaa wetu alikuwa anajiandaa kuolewa. Alikuwa mwembamba na hakuupenda wembamba wake. Mtu akamuuzia vidonge vya kunenepa, vidogo, vimefungwa kwenye kipande cha nailoni bila boksi wala karatasi. Kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Kwa wiki chache alianza kumaliza sufuria. Mama yake alituambia kwa furaha: mwanangu sasa anakula! Mashavu yakajaa, uso ukawa duara kama mwezi mpevu. Tulimsifu. Mimi nilimsifu.

Mwezi wa tatu alikuwa hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Tumbo kubwa, miguu myembamba, kinundu cha nyama nyuma ya shingo, michirizi ya zambarau ubavuni, na ngozi inayovilia damu kwa kuguswa tu. Hospitali walimwambia alete vile vidonge. Vilikuwa vya jamii ya steroidi, dawa zinazofanya kazi kama kotisoli, na moja ya dawa zinazouzwa sana kwa kazi hiyo, deksamethasoni, ina nguvu mara 25 hivi ya kotisoli ya mwili.

Dalili zile zina historia. Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani, alizieleza mwaka 1932 kwa wagonjwa ambao miili yao yenyewe ilizidisha kotisoli kwa sababu ya uvimbe mdogo kwenye pituitari. Na mwaka 1948 Philip Hench alimpa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea vizuri, na ndani ya siku chache akapata nafuu ya kushangaza. Hench na wenzake wawili wakapewa Nobel 1950. Muda si mrefu wagonjwa waliotumia kwa wingi wakaanza kuvimba nyuso. Dawa hizi zinaokoa watu kila siku, wenye pumu, wenye viungo vilivyovimba kwa ndani, mapafu ya watoto wanaokaribia kuzaliwa njiti. Kosa ni kuziuza kwenye nailoni.

Daktari hakumwachisha binti yule siku ile. Alimpunguzia kidogo kidogo kwa majuma mengi, kwa sababu tezi zake mwenyewe zilikuwa zimelala zikidhani kazi inafanywa na mwingine, na kuacha ghafla kunaweza kuua. Nalisema hili kwa sauti: kama unasoma na unameza vidonge vya namna hiyo, usivitupe leo. Vichukue, nenda navyo hospitali.

Binti yule hakuwa mroho kabla ya vidonge, wala baada ya kuviacha. Uroho wake ulikuja ndani ya nailoni na ukaondoka taratibu dozi ilipopungua. Hakubadilika tabia. Ilibadilishwa amri.

Mawazo yangu hayakuwa na nguvu ya vidonge vile, hata karibu. Kama kotisoli yangu ilizidi, ilizidi kwa kipimo cha binadamu, kidogo kwa siku, kwa siku nyingi. Lakini niliacha kujiita mroho usiku huo niliokumbuka kigoda na ukuta.

## Zamu ya alfajiri

Kotisoli ina saa zake kama mvuvi wa dagaa, ila kinyume. Mvuvi hutoka giza likiingia na kurudi kunapopambazuka. Kotisoli hupanda alfajiri, inafika juu kabisa muda mfupi baada ya kuamka, ikitusaidia kuianza siku, kisha hushuka mchana kutwa mpaka karibu saa sita usiku inapokuwa chini kabisa. Ule usiku wa manane ndio mapumziko yake.

Mimi nilikuwa nimeyafuta mapumziko hayo. Kukosa usingizi hupandisha kotisoli ya jioni, na kotisoli ya jioni hufukuza usingizi.

Mwaka 2004 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, akiwemo Karine Spiegel na Eve Van Cauter, lilichukua vijana 12 wenye afya njema. Kwa siku mbili mfululizo waliruhusiwa kukaa kitandani muda wa saa nne tu. Wakati mwingine walipewa muda wa saa kumi. Kwa usingizi mfupi leptini ilishuka kwa asilimia 18, grelini ikapanda kwa asilimia 28, na njaa waliyoieleza wenyewe ikapanda kwa asilimia 24, hasa ya vitu vitamu na vya wanga. Siku mbili tu, vijana wasiodaiwa na mtu.

Mimi nilikuwa nakaribia miezi mitatu.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza nilioufuata haukuhusu chakula. Niliacha simu kwa mwanangu mkubwa kuanzia saa mbili usiku. Nilianza kula kitu cha maana asubuhi, uji na mihogo ya kuchemsha, hata kama sina hamu. Vilisaidia kidogo. Usiku bado nilikuwa naamka saa nane, nimetoka jasho, nasikiliza pipa la unga ambalo halikuwa na simu tena.

Deni lilikuwa palepale.

## Kasulu

Mwanzoni mwa Agosti mume wangu alirudi Ijumaa usiku amechoka. Nilimwekea maji ya kuoga, nikamwekea chakula, nikakaa mbele yake na daftari. Nilikuwa nimepanga maneno tangu mchana na yote yakapotea. Nikalifungua tu, nikalisukuma upande wake wa mkeka.

Alisoma kwa muda mrefu. Alifika mpaka ukurasa wa nyuma wenye figo mbili, akazitazama nazo.

"Tangu mwezi wa nne?"

"Tangu mwezi wa nne."

Nilitegemea hasira, na hasira ilikuwepo, baadaye. Lakini alichosema kwanza ni hiki:

"Mimi nilidhani umeridhika. Kila nikirudi nakuta umenawiri. Nilikuwa nawaambia mafundi wenzangu kwamba angalau nyumbani kwangu kuna amani."

Nimeliwaza neno hilo kuliko lolote lililosemwa mwaka ule. Ningekuwa nimekonda, angeuliza mwezi wa sita. Dada zangu wangekuja. Mama Asha asingenishika kiuno akicheka. Angenivuta pembeni ya chanja na kuniuliza nina nini. Kwetu aliyekonda huulizwa, aliyenenepa huombwa mkopo. Mwili wangu ulikuwa unapiga kelele miezi mitatu kwa lugha ambayo kila mtu aliisikia kama wimbo wa harusi, na mimi mwenyewe nikiwa miongoni mwao, maana ndivyo nilivyomsikia yule binti wa vidonge.

Kikundi chetu cha VICOBA kilinikopesha kwa riba ya kibinadamu, nikamalizana na mkopeshaji. Bado nalipa. Lakini nalipia mbele ya watu, kila mtu anajua ni kiasi gani.

Usiku wa kwanza baada ya kumalizana naye nililala mpaka watoto wakaniamsha. Sikuamini. Jikoni maandazi yalikuwa kamili kwenye bakuli.

Septemba mwishoni presha ilikuwa 132 kwa 86 na mzani ulisema 71. Sukari sijarudia, nitarudia mwezi ujao. Muuguzi yule hakuwepo zamu. Nilitamani awepo.

## Mwaloni tena

Juzi nilishuka Kibirizi saa kumi na mbili asubuhi. Ziwa limefunguliwa, mwezi ulikuwa mdogo, na mitumbwi ilirudi na dagaa wanaong'aa. Kulikuwa na kelele, maji, watoto wa ndoo, harufu niliyoikosa. Mama Asha alikuwa anamwaga dagaa kwenye chanja na kuwatandaza kwa kiganja, haraka haraka, kabla jua halijapanda.

Tulipiga makofi yetu. Akaniangalia kiuno.

"Umepungua, dada. Una nini?"

"Sina kitu. Sasa hivi nalala."

Akacheka, akaendelea kutandaza. Nilimtazama. Sikuona amenenepa wala amekonda. Alikuwa Mama Asha yuleyule, kitenge cha kijani, sauti juu. Miezi mitatu ya ziwa kufungwa alikuwa hapahapa mchangani, na mimi nilikuwa sijawahi kumuuliza alikula nini.

"Na wewe unalala, dada yangu?"

Mkono wake ukasimama juu ya dagaa.

"Mbona unauliza hivyo?"

"Nauliza tu."

Aliweka ndoo chini. Akakaa juu ya ukingo wa mtumbwi, akanipisha nafasi pembeni yake.